FORODHANI USIKU: TAA, LENZI NA SURA ZA WATU

Na Mwandishi Wetu, Zanzibar

Jina la Forodhani latokana na forodha. Hapo ufukoni mwa Mji Mkongwe wa Zanzibar ndipo bidhaa zilizoingia na kutoka kisiwani zilipokuwa zikikaguliwa na kulipiwa ushuru, na ndipo wageni wengi walipoukanyaga mji kwa mara ya kwanza. Katika miaka ya 1930 mahali hapo paligeuzwa bustani, ikaitwa Bustani ya Jubilii kwa heshima ya Sultani Khalifa bin Haroub. Mwaka 2009 bustani hiyo ilifunguliwa tena baada ya kutengenezwa upya kwa gharama za Taasisi ya Utamaduni ya Aga Khan. Siku hizi ushuru pekee unaotozwa hapo ni ule wa tumbo, nao hulipwa kwa hiari kila jioni mbele ya meza za pweza, ngisi, mishikaki, urojo na maji ya miwa yaliyokamuliwa pamoja na tangawizi na ndimu.

Forodhani imeelekea machweo. Jua hushuka baharini mbele ya macho ya watu waliokaa ukutani, na wavulana hushindana kuruka majini mpaka adhana ya Magharibi. Baada ya hapo huja muda mfupi, usiozidi nusu saa, ambapo mbingu ni ya buluu iliyokolea, bahari ni ya rangi hiyo hiyo, na taa za wauzaji zimekwisha kuwashwa. Mpiga picha ambaye hajawahi kuuona muda huo hajaiona Forodhani. Mbingu ingali na nuru ya kutosha kuonyesha minara, milingoti na majani ya miti, nazo taa hazijapata nguvu ya kutawala kila kitu. Dakika ishirini baadaye mbingu huwa nyeusi kama wino, na taa hubaki peke yake bila mshindani. Hapo ndipo shida inayotuhusu leo inapoanza.

Msomaji yeyote aliyepata kupeleka jamaa zake matembezini usiku na kuwapiga picha anaijua shida hiyo, hata kama hajui jina lake. Watu wamesimama vizuri, wamecheka, watoto wametulia kwa bahati. Picha ikitazamwa, katikati ya kifua cha baba pana doa la kijani lenye umbo la yai. Karibu na sikio la mtoto pana duara la zambarau. Juu ya yote umetanda ukungu mweupe, kana kwamba mtu alipuliza moshi mbele ya kamera. Kanzu nyeupe haionyeshi mikunjo yake, na buibui jeusi limekuwa la rangi ya majivu. Nyuso zetu sisi watu weusi ndizo zinazopata hasara kubwa kuliko vyote, maana uzuri wa uso mweusi katika picha umo katika vivuli vyake: pembeni mwa pua, chini ya shavu, katika kina cha jicho. Ukungu ule hujaza nuru mahali pasipotakiwa nuru, na sura ya mtu ikapotea.

Ni kweli kwamba moshi wa mishikaki upo Forodhani, na wengi huulaumu. Mara nyingi moshi hauna hatia. Kosa ni la taa inayoingia katika lenzi kwa njia isiyostahili.

MJI WA TAA

Kabla ya kueleza namna taa inavyoharibu picha, yafaa ikumbukwe kwamba mji huu una historia ndefu na taa. Nyuma ya bustani, upande wa pili wa barabara, yapo majengo mawili makubwa. La kwanza ni Ngome Kongwe, iliyojengwa na Waomani mwishoni mwa karne ya 17 baada ya Wareno kuondolewa. La pili ni Beit al-Ajaib, Jumba la Maajabu, lililojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883. Maajabu yake yalikuwa mengi, lakini mojawapo lililowashangaza watu ni kwamba jumba hilo lilikuwa miongoni mwa majengo ya mwanzo kabisa katika Afrika ya Mashariki kuwashwa taa za umeme. Mtu aliyekuwa akija na jahazi usiku aliona dari tatu za varanda zikiwaka juu ya maji wakati miji mingi duniani ilikuwa ingali ikitumia mafuta.

Jumba hilo lilinusurika mizinga ya manowari za Kiingereza tarehe 27 Agosti 1896, katika vita vilivyokwisha kwa muda usiofika saa moja, na baadaye likajengewa mnara wa saa mbele yake. Halikunusurika uzee. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu yake kubwa ya mbele iliporomoka pamoja na mnara, na watu wakapoteza maisha. Tangu siku hiyo picha za zamani zimepata thamani mpya. Katika makabati ya Ng'ambo, ya Wete na hata ya Muscat zimo picha za jamaa waliosimama Forodhani usiku, na nyuma yao jumba lenye mnara kamili. Katika nyingine mnara unaonekana saa yake ikisomeka. Katika nyingine pale unapopaswa kuwapo mnara pana wingu la nuru tu, kwa sababu taa ya bustani ilikuwa imesimama kati ya kamera na jumba, na aliyepiga hakuijali. Picha ya namna hiyo haiwezi kurudiwa.

Giza nalo lina historia yake hapa. Mwezi Mei 2008 umeme ulikatika kisiwa kizima cha Unguja kwa muda wa karibu mwezi mmoja, na kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010 ukakatika tena kwa miezi mitatu. Zikatolewa stoo karabai na kandili, na jenereta zikanguruma vichochoroni. Kwa jicho la mpiga picha, nuru ya kandili ni ya upole, ya rangi ya dhahabu, nayo haichomi kamera. Taa za LED zinazotundikwa siku hizi juu ya meza ni kitu kingine. Ni ndogo, kali, nyeupe, na nyingi hazina kivuli wala kioo cha kuzipunguza makali. Zinamfaa mwenye meza, kwa kuwa mteja anataka kumwona pweza wake vizuri. Hazikutengenezwa kwa ajili ya picha zetu.

YANAYOTOKEA NDANI YA LENZI

Lenzi ya kamera si kipande kimoja cha kioo. Ni vioo kadhaa vilivyopangwa kimoja nyuma ya kingine ndani ya mkebe, na kila kioo kina nyuso mbili. Nuru inapogonga uso wa kioo kitupu, karibu asilimia 4 hurudi nyuma badala ya kupita. Ni jambo lile lile tunaloliona dirishani usiku, tunapoona sura zetu wenyewe katika kioo. Lenzi yenye nyuso kumi kama hizo ingepoteza karibu theluthi moja ya nuru, na ile iliyorudi haipotei bure: hugonga kioo kilicho nyuma yake, ikarudi tena mbele, ikaenda na kurudi kama mpira baina ya kuta, mpaka sehemu yake ikaangukia mahali picha inapoandikwa. Ikiangukia kwa mpango, twaona madoa na maduara. Ikitawanyika ovyo, twapata ule ukungu.

Wataalamu walihangaika na tatizo hili kwa muda mrefu. Mwaka 1935 Alexander Smakula, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya Zeiss huko Ujerumani, alibuni njia ya kupaka kioo utando mwembamba mno wenye kuizuia nuru isirudi. Ndiyo maana lenzi za leo, zikiinamishwa kwenye taa, huonyesha rangi ya zambarau au ya kijani kama mafuta juu ya maji. Utando huo hupunguza marejeo mpaka chini ya asilimia 1 kwa kila uso, na kwa picha za mchana hiyo yatosha kabisa. Usiku mambo ni mengine. Taa kali katikati ya giza inaweza kuwa na mng'aro maelfu ya mara kuliko uso wa mtu aliye karibu nayo, na sehemu moja ya mia ya mng'aro huo ingali nyingi kuliko nuru ya uso wenyewe. Hata lenzi ya bei kubwa hushindwa hapo.

Lipo jambo moja ambalo kila mwenye kamera au simu angefaa kulijaribu kwa macho yake, maana likieleweka nusu ya kazi imekwisha. Doa la taa hukaa upande ulio mkabala na taa yenyewe, likipitia katikati ya picha. Taa ikiwa pembe ya juu kushoto, doa litakuwa chini kulia. Kamera ikigeuzwa kidogo ili taa isogee kulia, doa litasogea kushoto. Maana yake ni kwamba doa hilo laweza kuchungwa kama mbuzi. Mpiga picha huitazama picha yake kabla ya kubonyeza, akaona doa liko usoni mwa bibi harusi, akaigeuza kamera kwa kiasi cha upana wa kidole, na doa likahamia kwenye mbingu nyeusi au ukutani ambako halimdhuru mtu.

BI MKUBWA KUTOKA WETE

Usiku mmoja nilisimama na kijana mmoja ambaye riziki yake ni kupiga picha za watu hapo Forodhani. Ana kamera iliyonunuliwa mkononi na lenzi mbili, na begi lenye kitambaa safi ndani ya mfuko wa nailoni. Zamani kidogo wapiga picha wa namna yake walikuwa wengi. Simu zimewapunguza. Mji huu haukukosa wapiga picha tangu enzi za kamera za sanduku. Studio ya Capital Art iliyoanzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930 ilizihifadhi sura za watu wa vizazi kadhaa. Lakini studio ina taa zake na mwenye studio ndiye anayezipanga. Mpiga picha wa bustanini hufanya kazi chini ya taa za watu wengine.

Walikuja jamaa kutoka Wete, Pemba: mama mtu mzima, binti yake, na vijana wawili ndugu zake binti. Binti alikuwa akisafiri asubuhi ya pili kwenda Muscat aliko mumewe, na hakuna aliyejua angerudi lini. Ndugu yake alikuwa amekwisha kuwapiga kwa simu picha kama kumi mbele ya meza ya muuza pweza. Bi Mkubwa aliishika simu, akaisogeza mbali na macho kama wafanyavyo watu wa umri wake, akazitazama moja baada ya moja.

"Huyu si mimi," akasema. "Huyu ni pazia. Na mwanangu mmemtia majivu?"

Ndipo yule kijana aliposogea kwa adabu, akaamkia, "Shikamoo, Bi Mkubwa," akaomba ruhusa ya kujaribu. Hakuanza na kamera. Alitazama kwanza taa zilipo. Kulikuwa na tatu zilizokuwa karibu: ya muuza pweza, ya jirani yake mwenye miwa, na ya bustani juu ya nguzo. Akamwomba mama asogee hatua sita mpaka penye mti mkubwa.

"Mwanangu, mimi miguu yaniuma," akasema mama. "Hiyo taa si uihamishe wewe?"

"Taa si yangu, Bi Mkubwa, ni ya mwenye pweza. Nikiizima atanitoza mikuki yote iliyo mezani."

Mama alicheka, akasogea. Na hapo ndipo nilipoiona kazi yenyewe. Mti ule ulikuwa umeificha taa ya nguzo nyuma ya shina lake, kwa hiyo haikuweza kuifikia lenzi hata kwa mshazari. Taa ya miwa ikawa ubavuni mwa mama na binti, ikiwaangaza nyuso kwa upande mmoja, kama taa ya studio. Ikabaki ya pweza, ambayo haikuwemo ndani ya picha lakini ilikuwa mbele kidogo upande wa kushoto, ikiipiga lenzi shavuni. Watu wengi hudhani kwamba taa isiyoonekana katika picha haina madhara. Hiyo ndiyo mbaya kuliko zote, kwa sababu ndiyo inayoleta ukungu huku mpigaji akiwa hajui unakotoka.

Kijana alivua kofia yake ya viua, akainyanyua kwa mkono wa kushoto pembeni mwa lenzi, akaishusha polepole mpaka kivuli chake kikaangukia juu ya kioo. Nikiwa nimesimama mbele niliona wazi: kioo cha lenzi kilichokuwa kiking'aa kama jicho la paka kikawa cheusi. Hicho ndicho kipimo. Si lazima kutazama ndani ya kamera. Mwenzako akitazama kioo kutoka mbele na kukiona kina kivuli, umelindwa. Zipo kofia za lenzi zinazouzwa madukani, za plastiki au chuma, nazo hufaa sana. Ila lenzi nyingi hupewa kofia fupi, na taa ya usiku hutoka pande ambazo aliyeitengeneza kofia hakuzifikiria. Mkono, daftari, gazeti lililokunjwa, au ndugu aliyesimama mahali panapotakiwa, vyote hufanya kazi hiyo bila gharama. La kuangalia ni kwamba ncha ya kofia au ya kidole isiingie ndani ya picha.

Alipiga mara nne. Katika ya tatu mama alikuwa amemshika binti kiganja na amesahau kwamba anapigwa picha. Buibui lilikuwa jeusi, na nakshi ya fedha kwenye ukingo wake ilihesabika. Macho ya mama yalikuwa na nukta ndogo ya nuru ya taa ya miwa. Bi Mkubwa aliitazama kwa muda mrefu kuliko alivyozitazama zile kumi, asiseme neno, kisha akauliza kama inaweza kutolewa kwenye karatasi kabla ya saa ya ndege. Kijana akasema inawezekana. Binti alikuwa amegeuka upande wa bahari.

UCHAFU NA VIOO VYA ZIADA

Nilipomwuliza kijana yule ni nini kinachoharibu picha nyingi zaidi za wageni, alijibu bila kufikiri: mafuta ya vidole. Mtu amekula mishikaki, amejifuta vidole kwa karatasi, akaichukua simu na kukigusa kijicho cha kamera. Utando wa mafuta huichukua kila taa na kuivuta kuwa mstari mrefu. Mstari huo hukata mshazari na upande ambao kidole kilipita: aliyefuta kwa kushusha kidole chini hupata mistari ya kulala, na aliyefuta kwa upande hupata mistari ya kusimama. Kwa hiyo mtu aweza kuisoma picha mbaya akajua namna alivyokichafua kioo chake.

Forodhani ina adui mwingine, nao ni chumvi ya bahari. Upepo wa kusi ukivuma, matone madogo hufika mpaka mezani, na yakikauka juu ya kioo huacha ukungu usioonekana mchana. Kipulize kioo kwanza ili kuondoa mchanga, kisha kipangushe kwa kitambaa laini cha pamba, kikavu na safi. Ncha ya kanga iliyofuliwa mara nyingi yafaa kuliko kitambaa kipya. Pindo la shati lililokaa ukutani halifai, maana limebeba chembe za mchanga zinazokwangua. Na anayetoka katika chumba cha hoteli chenye kiyoyozi na kuingia katika hewa ya joto ya usiku wa Unguja ataikuta lenzi imetoka jasho. Asiifute. Aiache ipate joto dakika kadhaa ndani ya begi, umande utaondoka wenyewe.

Wenye kamera kubwa wana mtego wao pekee, nao ni filta, kile kioo bapa kinachofungwa mbele ya lenzi kwa ajili ya kuilinda. Mchana hakina madhara makubwa. Usiku huwa kioo cha kujitazamia: taa huingia, hugonga sehemu inayopokea picha, hurudi mpaka kwenye filta, na filta huirudisha ndani tena. Matokeo yake ni taa za pili, zilizogeuzwa juu chini, zinazoelea angani kama nyota ambazo hakuna mnajimu anayezijua. Anayepiga taa za majahazi usiku afungue filta na kuitia mfukoni. Simu haina filta, lakini kile kioo kinachofunika kijicho chake hufanya vivyo hivyo, na hakifunguki. Ndiyo maana vidoa vya kijani ni vingi zaidi katika picha za simu. Mwenye simu hana budi kuvichunga, kama tulivyokwisha kusema.

KUTOKA BUSTANINI

Yako maeneo ambayo mji wenyewe umemjengea mpiga picha kivuli. Ukitoka bustanini kuelekea Shangani utalikuta jengo la kale ambalo barabara hupita chini yake kama pangoni. Simama ndani, hatua mbili tatu kutoka mdomoni, utazame nje. Kuta nene za pande zote mbili zinazuia kila taa isiyohitajika, na mbele yako unayo bustani nzima ikiwaka. Gari likija nyuma yako, sogea ukutani. Madereva hapo hawakutarajii.

Vichochoroni ni rahisi zaidi, kwa sababu hakuna kichochoro kilichonyooka. Taa ya pembeni mwa nyumba hufichwa kwa kusogea nusu hatua mpaka ukingo wa ukuta uifunike, na nuru yake ikabaki juu ya mlango wa nakshi na juu ya baraza. Wazee wa barazani huko Hurumzi na wanywaji kahawa wa Sokomuhogo si sehemu ya majengo, lakini. Mtu hupiga hodi kwanza, akasalimu, akakaa, akanywa kikombe. Aliyesalimiwa ataitikia, na mara nyingi mwenyewe atakuonyesha ni upande gani taa haimwumizi macho. Upande huo ndio mzuri kwa lenzi pia.

Ukutani mwa bahari hakuna mti wala pembe ya nyumba ya kujificha. Hapo hutumiwa stendi ya miguu mitatu, au jiwe la ukuta lenyewe na begi chini ya kamera, na picha huchukua sekunde kadhaa. Muda mrefu namna hiyo huzidisha kila kosa, kwa kuwa ukungu hujilimbikiza sekunde baada ya sekunde. Afadhali picha ipigwe na giza kidogo kuliko nuru nyingi. Giza laweza kuongezewa nuru baadaye, bali taa iliyounguza picha hairudishiki. Wapo wanaopiga picha mbili bila kuitikisa kamera, moja kama kawaida na nyingine taa ikiwa imefunikwa kwa kidole gumba mbele ya lenzi, kisha huziunganisha kwenye kompyuta. Ni kazi ya mwenye subira, na majahazi hayakubali sana, maana hayatulii majini. Kwa jamaa waliokuja kupunga upepo naona ni usumbufu.

Sikubaliani na wale wasemao kwamba doa lolote la nuru ni kosa. Filamu za sinema huyatia madoa hayo makusudi, na picha ya bandari yenye mng'aro kidogo yaweza kuleta hali ya joto la usiku kuliko picha iliyosafishwa kama sahani. Tofauti iko katika nani ameamua. Doa la kijani juu ya uso wa mama anayeagana na mwanawe halikuamuliwa na mtu yeyote.

Kuelekea saa nne na nusu wateja walipungua. Muuza pweza, aliyekuwa ameyasikia mazungumzo yote ya taa yake, alimwita yule kijana.

"Ami, usiku kucha mnaikimbia taa yangu. Mimi nataka picha nami, na taa ionekane. Nimeinunua kwa fedha zangu."

Kijana hakubisha. Alimwambia avae vizuri kofia yake ndefu nyeupe, akaiweka kamera juu ya stendi, akalibana tundu la lenzi mpaka likawa dogo sana. Alinieleza kwamba tundu hilo limezungukwa na vibapa vya chuma, na kwamba linapobanwa taa hutoa miale: vibapa vikiwa na idadi ya shufwa, mfano vinane, miale huwa minane, vikiwa na idadi ya witri, mfano tisa, miale huwa maradufu. Doa lilitokea kama kawaida, dogo na kali, kwa kuwa tundu likibanwa doa nalo hukazana. Akaigeuza kamera kidogo, doa likashuka mpaka kwenye kitambaa cheusi cha meza, na bakuli la pilipili likasogezwa juu ya mahali pale pale likalimeza.

"Usitikisike," akasema. Muuza pweza akabana pumzi kwa sekunde mbili, kisu mkononi. Juu ya kofia yake taa ilisimama kama nyota, nyeupe, na miale yake ikafika mpaka kwenye matawi. Tuliihesabu wote watatu kwenye kioo kidogo cha nyuma ya kamera. Ilikuwa kumi na minane.